Kabari Mbili za Kumshusha Mama Mkwe

Nyie watu, simu yangu haijapoa tangu nirudi Arusha. Huyu anauliza harusi ilikuwaje, yule anauliza mbona kwenye picha nina grisi mpaka kwenye hereni, mwingine anataka kujua kama yule mama niliyejigamba kwamba nitamshusha mlimani alishuka kweli. Kujibu mmoja mmoja siwezi. Naandika mara moja, someni wote, na atakayeniuliza tena namkatia simu.

Kwa wasiojua: wifi yangu Namkunda, mdogo wa mume wangu, ni mwalimu kule Maore, chini ya Milima ya Upare, na ndoa ilikuwa inafungwa hukohuko kwenye usharika wa bwana harusi. Mama yao anaishi Bombo, juu. Zamani, Namkunda akiwa bado anabebwa mgongoni, lori alilopanda mama yao lilikosa usukani kwenye kona likaenda kuegemea mti. Hakuumia. Ila tangu siku hiyo hakupanda gari tena, na sasa magoti hayamruhusu kuteremka kwa miguu. Namkunda alinipigia analia. "Wifi, keki wasilete, shela nitaazima. Mimi nataka mama yangu awe kanisani, basi." Nami mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia, "Nyamaza. Nitamshusha mimi."

Arusha hadi Same

Gari langu mnalijua, lile linalovuta miguu yote minne. Njia ya Bombo ilikuwa imechimbwa na mvua, na gari fupi lingelala kwa tumbo. Basi kwa ajili ya mlima ule nikalipandisha: springi mpya za juu, matairi mapana, likasimama mpaka nikafunga ngazi ya kupandia. Nililizungusha mtaani, nikapiga picha, majirani wakatoka kuangalia. Mume wangu, Baba Upendo, alikuwa ametangulia Bombo kwenye maandalizi. Nikaondoka peke yangu Jumanne, moyo mweupe kabisa.

Hadi Moshi nilikuwa naimba. Lakini usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na nikikata kona haurudi wenyewe, lazima niurudishe kwa mkono kama mtu anayefunga bomba. Kwenye barabara iliyonyooka gari lilikuwa linatafutatafuta, mara kushoto, mara kulia. Nikasingizia upepo.

Nimeshapita Mwanga, naukaribia mwendo wa kujidai, nikakanyaga kiraka cha lami. Weee! Matairi ya mbele yalianza kutikisika kushoto kulia, kushoto kulia, kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona. Usukani ukanipiga viganja. Chupa ya maji ikaruka kwenye kiti, miwani ikaanguka, nami napiga kelele "Yesu! Yesu!" huku nakanyaga breki taratibu. Liliacha kutikisa kichwa lilipokaribia kusimama. Nilikaa pembeni ya barabara mikono yote miwili inacheza.

Wazee wawili waliokuwa wanauza mkaa pale wakaja kutoa pole. Mmoja akasema tairi mpya huwa zina kiburi, zikizoea mwenye nazo zinatulia. Mwenzake akasema hapana, ni upepo wa Same unakuja kumpokea mgeni. Nikawaamkia, nikawashukuru, nikaondoka kwa mwendo wa msiba. Bajaji iliyobeba magodoro ikanipita, dereva akanipungia mkono. Sijawahi kudhalilika hivyo.

Same

Same kuna upepo, jamani. Nilikunywa supu ya mbuzi na chapati huku nimefunika bakuli kwa kiganja, na bado vumbi lilipata njia. Mwenye hoteli akanielekeza kwa Fundi Hamza, mwanaume mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye hata akikunong'oneza gereji nzima inasikia.

Akaliinua gari kwa jeki, akatikisa kila kiungo. Akaingia chini, akatoka, akaingia tena.

"Hakuna kinachocheza," akasema. "Kila kitu kimekaza. Nani amekupandishia gari?"

"Mafundi wangu."

"Wamepandisha gari, hawakumalizia. Dada, unajua baiskeli?"

"Naijua."

"Uma wa mbele umelala kidogo, haujasimama wima. Kwa sababu umelala, tairi inafuata yenyewe, hata ukiachia mikono unaenda. Sasa nyoosha ule uma uwe wima, halafu uniambie kama utafika sokoni na meno yako." Watu wakacheka. "Gari nalo ni hivyo. Springi mpya zimeliinua mbele, ekseli ikajizungusha kidogo, uma wako sasa umesimama. Ndiyo maana usukani haurudi, na ndiyo maana linatikisa kichwa."

Dawa, akasema, ni kabari mbili za chuma, moja kila upande, katikati ya springi na ekseli, ili ekseli ilale tena nyuma inavyotakiwa. Kazi ya muda mfupi. Nikaruka kwa furaha pale gereji, nikamwambia afunge sasa hivi. Akanyoosha kidole juu, kwenye taa iliyozimika. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na bila umeme hawezi kukata chuma wala kukisaga.

Nilisubiri. Nikala chungwa, nikalala kwenye benchi, nikaamka, umeme bado. Mwishowe Hamza akaniambia kuna Fundi Eliakimu hukohuko Bombo ninakokwenda, ana jenereta na chuma cha kutosha.

"Kupanda mlima hakuna mwendo, halitakusumbua," akasema. "Na hapa chini usizidi mwendo wa baiskeli ya mzee. Kurudi ndiko usithubutu kabla halijatengenezwa."

Kupita Kisiwani

Pale kwenye supu nilikuwa nimemwamkia mama mmoja, Bi Mwanahawa, mfanyabiashara wa mchele wa Maore, aliyekosa usafiri wa kurudi kwao. Nikampa lifti. Alisimama chini ya mlango akanitazama.

"Hili gari au ghorofa?"

"Gari, mama. Kanyaga ngazi."

"Bismillahi." Akapanda, akajipanga, akafungua kikapu cha vitumbua, na tangu hapo sikuhisi njia ni ndefu.

Tulikwenda polepole, milima kulia kwetu, nyika kushoto, miiba na vumbi jekundu. Kabla ya Kisiwani tukakutana na ng'ombe wa Wamasai wanavuka. Wale wa mbele walivuka vizuri, wa katikati wakalitazama gari wakagoma. Nikazima. Kijana aliyewachunga akazunguka gari lote, akaniuliza kwa heshima kabisa nililiinua hivyo kwa kuogopa nyoka au nini. Bi Mwanahawa alicheka mpaka kitumbua kikamwingia njia mbaya, ikabidi nimpige mgongo. Tulikaa pale mpaka ng'ombe dume mmoja alipoamua mwenyewe kupita, wengine wakamfuata.

Nikamsimulia kisa cha mama mkwe. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi ni Mpare vilevile, ila wa chini," akasema. "Wenzetu wa juu ni watu wazuri, wakarimu, usisikie yale maneno ya mjini. Ila usiwaulize umbali. Atakuambia 'hapo tu', nawe utatembea mpaka soli iishe. Wao mlima wameuzoea mpaka hawauoni."

Tulipofika Maore, kwenye majaruba ya mpunga, alishuka akanishika mkono. "Ukikwama na hilo ghorofa lako, ulizia nyumba ya Bi Mwanahawa. Hata mtoto atakuleta."

Kupanda Bombo

Sitaisimulia ile njia yote. Kona juu ya kona, makorongo ya mvua, upande mmoja ukuta, upande wa pili vilele vya miti. Lakini gari lilipanda kama mbuzi! Matairi makubwa yalikuwa yanameza mawe, tumbo haligusi kitu. Nilikuwa napiga usukani kwa furaha, nasema, "Mama Upendo oyee!" peke yangu.

Mama mkwe alinisubiri mlangoni. Nilipiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani. Umekonda."

Sijakonda, lakini ndivyo wanavyosema. Nikapewa makande na maziwa ya mgando, na chai ya tangawizi inayokuwasha mpaka nyuma ya macho. Nilikula mpaka Baba Upendo akanitazama kwa aibu. Nilipomaliza mama akatoka, akalizunguka gari kimya kimya. Akagusa tairi kwa fimbo yake. Majirani wakasema jambo kwa Kichasu, Kipare chao, wakacheka wote, nami nikacheka ili nisionekane mgeni.

Kisha akakaa, akaniambia bila kuzunguka. "Lile lori, nilikaa mbele. Dereva alikuwa anajisifu. Lakini mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Mikono ilikuwa inapigana na usukani tangu juu, kabla hatujafika kwenye kona. Niliona, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa bado kijana na yeye mtu mzima." Akavitazama viganja vyangu. Nilivificha chini ya kanga. "Nenda Maore na hili gari tupu, urudi. Ukirudi nitaitazama mikono yako. Ikiwa imetulia, nitapanda. Ikiwa haijatulia, Namkunda atanisamehe."

Baba Upendo akafungua mdomo. Mama akamwinulia mkono, akaufunga.

Kwa Fundi Eliakimu

Asubuhi niliamka nikakimbilia kwa fundi, na kabla sijamaliza salamu, pembe ikalia kilimani. Ndefu, nzito. Nikajua mtu amekufa. Nikavua kilemba, nikaanza kumpa pole Fundi Eliakimu, nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole ya nini?" akaniuliza. "Ni msaragambo."

Kumbe wanaitana kwenye kazi ya kijiji, na siku hiyo ilikuwa kujaza makorongo ya barabara. Msaragambo ukiitwa, kazi yako binafsi unaiweka chini, na hata mgeni akionekana anakaa tu watu wanamtazama vibaya. Nikapewa jembe. Siku nzima ya Jumatano nilisomba mawe na wakwe zangu, rangi ya kucha yote imebanduka, huku gari langu limesimama. Nilinuna mpaka mchana. Halafu wakaleta makande palepale barabarani, wakaanza kuimba, mama mmoja akanifundisha kuitikia, nikajikuta nataka tuendelee mpaka Jumapili.

Alhamisi tukaanza. Fundi Eliakimu ni mtu wa maneno mengi na mkono mzuri, na anajivunia uwanja wake kuliko mke wake.

"Hapa ndipo tambarare kuliko pote Bombo," alinionyesha. "Ngoma zote za harusi zinachezwa hapa. Kupima gari lazima uwe kwenye tambarare, Mama Upendo. Sisi hatubahatishi."

Simu yangu ina kile kipimo cha mlalo. Tukaiegemeza kwenye uso bapa wa ekseli, ikasema nyuzi mbili. Tulitaka nne. Akawasha jenereta, akakata kabari za nyuzi mbili, akazisaga, akazitoboa. Tukalegeza springi, tukaingiza kabari, tukahakikisha upande mnene uko unakotakiwa, tukakaza nati. Nami nilikuwa chini ya gari ukweni kwangu, miguu nje, nimefunga kanga juu ya suruali. Wajomba wa mume wangu wakipita, natoa shikamoo kutoka chini ya gari. Tukapima tena. Nne kamili! Fundi akapiga filimbi, mimi nikapiga vigelegele, mke wake akatoka jikoni akafikiri bibi harusi amefika.

Bombo hakuna mahali pa kukimbiza gari. Tulilizungusha kwenye kona za jirani, tukaona linakata vizuri, tukasema limepona.

Kushuka tupu

Ijumaa asubuhi nikashuka. Kona zote taratibu, vizuri kabisa. Nilipofika bondeni, barabara iliponyooka, nikasema sasa nikujaribu, mpenzi. Nikaongeza mwendo. Likakanyaga jiwe.

Kushoto kulia, kushoto kulia.

Nyie, nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nasema nililia kwa sauti, kichwa kwenye usukani, katikati ya Maore, na harusi ni kesho. Nilikuwa nimemwahidi Namkunda. Na mikono yangu nilipoitazama ilikuwa inatetemeka, ile mikono ambayo mama yake alikuwa anaisubiri.

Nikaulizia nyumba ya Bi Mwanahawa. Akanipokea kwa chai na mkate wa kumimina, hakuniuliza kitu mpaka nimekunywa. Kisha akasema, "Kwanza tulitoe hilo ghorofa njiani," akanielekeza niliingize kwenye jaruba lake lililovunwa, ardhi imekauka, ngumu kama sakafu. Jaruba la jirani lilikuwa bado na maji. Nikayatazama. Yalikuwa yametulia palepale, ukingo hadi ukingo, hayana pa kwenda.

"Bi Mwanahawa, jaruba lako liko sawa?"

"Mwanangu, lisipokuwa sawa mpunga wa huku unazama na wa kule unakufa kiu. Sisi mwalimu wetu ni maji."

Nikaingia chini ya gari na simu yangu. Nikaiegemeza kwenye ekseli, palepale tulipopima jana. Mbili! Si nne. Mbili! Nikaifuta, nikapima tena. Mbili. Nikampigia Fundi Eliakimu.

"Fundi, huku inasoma mbili."

"Simu yako imepata homa ya bondeni. Hapa ilikuwa nne, tuliona wote."

"Fundi, nakuomba kitu kimoja. Chukua ndoo ya maji umwage katikati ya uwanja wako."

"Nimwage maji? Kwani mimi nafua?"

"Mwaga tu, kaka yangu, kwa ajili ya Namkunda."

Nikasikia ananung'unika, nikasikia ndoo, nikasikia maji yakimwagika pwaa. Kisha kwa mbali nikamsikia mke wake akifoka, "Eliakimu! Nani ananimwagia maji mpaka jikoni?"

Bi Mwanahawa alikuwa ameweka sikio kwenye simu yangu. Alikaa chini kwenye mabua ya mpunga, akacheka kwa kushika mbavu. "Tambarare ya Bombo! Si nilikuambia wameuzoea mlima mpaka hawauoni? Wale wanacheza ngoma mteremkoni tangu kuzaliwa!"

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipopima, pua ya gari ilikuwa imetazama juu, na mteremko wa uwanja ulituongezea nyuzi mbili ambazo ekseli haikuwa nazo. Watu wazima, tumeshuhudia ngoma pale, na hakuna aliyeona.

"Mama Upendo," fundi akasema, sauti ndogo. Halafu akaanza kucheka naye. "Mungu wangu, uwanja wangu! Nakata nyingine, za nyuzi nne. Nakuja."

Kabla hajafika, Namkunda akaja mbio, nywele zimesukwa upande mmoja tu, maana habari zilimkuta kwa msusi. Akalikuta gari kwenye mpunga, tairi moja imeshatolewa, wifi yake yuko chini ya ekseli.

"Wifi, niambie ukweli. Mama anakuja?"

Nikamwambia, "Rudi ukamalizie nywele. Mimi namalizia hapa." Akachuchumaa, akanifuta grisi shavuni kwa kiganja chake, akarudi kwa msusi.

Fundi Eliakimu aliteremka kwa bodaboda, kabari mpya mfukoni, spana kwenye gunia, na ndoo tupu mkononi. Nikamuuliza ndoo ya nini. Akasema kuanzia leo hapimi gari bila maji. Akaijaza, akaimwaga mbele ya matairi, watu wote wa Maore waliokuwa wamejaa pale wakapiga makofi maji yaliposimama. Tukafungua, tukatoa kabari za jana, tukaweka zile mpya nene, tukakaza. Simu ikasema nne. Nikamwambia apime tena. Nne.

Nikalitoa barabarani, fundi pembeni yangu ameshika mlango, midomo inasali. Nikaongeza mwendo. Nikaongeza tena. Nikalitafuta lile jiwe kwa makusudi, nikalikanyaga. Gari likaruka, likatua, likaendelea mbele limenyooka kama limetandikiwa uzi. Nyieee! Nilipiga honi mpaka kuku wa Maore wakahama, na fundi alikuwa anapiga kelele kuliko honi.

Kupanda, na kushuka

Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa mama mkwe. Alikuwa amevaa, kitenge kipya, kitambaa kichwani. Nikanyoosha mikono. Akaishika, akaigeuza, akaiweka juu ya viganja vyake akangoja. Ilikuwa myeusi kwa grisi ambayo sabuni ilishindwa, lakini ilikuwa imetulia.

"Elieza," akamwita mume wangu, "niinue nipande."

Alikaa mbele. Mwanzoni alikuwa anaangalia mikono yangu tu, hata barabara haioni, kucha zake zimezama kwenye kiti. Baba Upendo nyuma hapumui. Tukafika kwenye kona moja yenye mti mkubwa uliopinda, nikamsikia mama akivuta pumzi, nikajua ni hapa. Sikumuuliza. Nikakata usukani mpaka mwisho, gari likazunguka kona, na lilipoanza kunyooka nikalegeza vidole. Usukani ukajirudisha wenyewe katikati, taratibu, mikononi mwangu, bila mimi kuuvuta.

Mama akaona. Akainama karibu.

"Umeuachia?"

"Unarudi wenyewe, mama."

"Rudia."

Kona iliyofuata nikarudia. Na nyingine. Kwenye ya tatu alikuwa anacheka, anapiga goti lake kwa kiganja, anamwambia mwanawe, "Elieza, tazama! Unarudi wenyewe!" Tulishuka mlima wote hivyo, kila kona tunausubiri usukani urudi, na kila ukirudi tunashangilia.

Kanisani aliingia akitembea na fimbo yake mpaka kiti cha mbele. Namkunda alipoingia na kumwona, aliacha mkono wa mjomba wake, akamkimbilia mama yake, shela ikabaki katikati ya watu. Mchungaji alisubiri. Sote tulilia, na Bi Mwanahawa, aliyekuja na kilemba cha kijani kuliko majani yote, alilia kuliko ndugu.

Jumapili mchana tukafunga mizigo. Mpango ulikuwa tumpandishe mama Bombo kwanza, halafu sisi tushike njia ya Same kurudi Arusha. Alikuwa amekwishakaa mbele, mkanda ameufunga mwenyewe. Baba Upendo akashika mlango wake.

"Mama, tukishakufikisha nyumbani, tutapumzika kidogo tu kisha tutaondoka."

Mama alikuwa anaitazama barabara iliyonyooka kuelekea Kisiwani, ile ya kurudi Arusha.

"Ng'ombe nimemwachia jirani," akasema. "Funga mlango, baba. Bombo naijua."